Shina, Matawi na Viraka: Utunzaji wa Programu Inayotumika katika Kliniki za Homa Bay na Migori

Kaunti za Homa Bay na Migori, zilizo kando ya Ziwa Viktoria kusini magharibi mwa Kenya, ni miongoni mwa maeneo ambako huduma ya afya inategemea kumbukumbu za kompyuta kuliko mtu wa mbali anavyoweza kudhani. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba asilimia 4.9 ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi, na katika orodha ya kaunti Homa Bay ndiyo iliyoongoza kwa asilimia 19.6, huku Migori ikikadiriwa kuwa na takriban asilimia 13. Nyuma ya takwimu hizo kuna maelfu ya watu wanaorudi kliniki mwaka baada ya mwaka, na kila wanaporudi kuna uzito wa kupimwa, dawa za kuhesabiwa, majibu ya kipimo cha wingi wa virusi ya kuandikwa na tarehe ya kurudi tena ya kupangwa. Katika vituo vingi kumbukumbu hizo huingizwa katika KenyaEMR, ambayo ni programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake, ule mwandiko wa maagizo unaoiambia kompyuta la kufanya, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuubadilisha kwa masharti ya leseni yake.

Uwazi huo huzaa swali ambalo watumiaji wengi hawajawahi kupata sababu ya kuliuliza, nalo ni jinsi programu inayoweza kubadilishwa na yeyote inavyobaki kuwa moja, ikafanya kazi ileile Mbita na Isebania, na isiharibiwe na mkono wa kwanza unaoigusa. Jibu liko katika kazi ya watu wanaoitwa watunzaji, na katika taratibu mbili walizozikuza kwa miongo kadhaa, yaani kugawa kazi katika matawi na kupokea mabadiliko kwa njia ya viraka. Kuandika msimbo ndiko kunakosifiwa, lakini uhai wa programu hutegemea zaidi uamuzi wa badiliko lipi liingie, lipitie tawi gani, na nani atakayeendelea kuliwajibikia baada ya aliyeliandika kwenda zake.

Asili ya KenyaEMR iko katika nchi hiihii. Mwezi wa Februari 2001, watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianza kutumia mfumo mdogo wa kumbukumbu za wagonjwa katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret. Mfumo huo ulitosha kwa kituo kimoja, lakini mpango wa AMPATH wa vyuo hivyo ulipopanuka na kuhudumia wagonjwa wengi zaidi wa virusi vya Ukimwi, ikadhihirika kwamba kila swali jipya la kitabibu lingehitaji jedwali jipya, na kwamba hali hiyo isingeweza kuvumilika. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, wakishirikiana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, walianza kubuni OpenMRS, mfumo ambao ungeweza kuongezewa maswali na fomu bila kuvunja msingi wake, na mnamo Februari 2006 mfumo huo ukaanza kutumika Eldoret. KenyaEMR ilijengwa juu ya msingi huo kuanzia mwaka 2012, na shirika la I-TECH la Chuo Kikuu cha Washington likishirikiana na Wizara ya Afya, na kabla ya muongo kufika katikati ilikuwa imewekwa katika vituo zaidi ya 300. Baadaye kazi ya kuiendeleza ikapita mikononi mwa shirika la Palladium.

Programu ya hospitali haina siku ya kumalizika, kwa sababu utabibu wenyewe haujamalizika. Mwaka 2016 Kenya ilipoamua kwamba kila anayepatikana na virusi aanzishiwe dawa bila kusubiri kinga yake ishuke, masharti yaliyokuwa yameandikwa ndani ya programu kuhusu nani anastahili kuanza tiba yalipitwa na wakati. Mwongozo wa mwaka 2018 ulipoipa dawa ya dolutegravir nafasi ya mbele, orodha ya mchanganyiko wa dawa ilibidi ibadilike. Kadi ya mgonjwa inayojulikana kwa namba MOH 257, ambayo wahudumu wa afya waliizoea kwa jina la kadi ya bluu, ilipofuatwa na kadi ya kijani, fomu za kompyuta nazo zilipaswa kufuata. Ripoti ya kila mwezi ya MOH 731, inayojumlisha huduma zote za virusi vya Ukimwi za kituo na kupelekwa katika mfumo wa taifa wa DHIS2, ambao nao ni programu huria iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo na kutandazwa Kenya nzima mwaka 2011, hubadilika kila wizara inapotaka kujua jambo jipya. Mabadiliko haya hayaji kwa foleni. Huja pamoja, yakiandikwa na watu tofauti walioko Nairobi, Kampala, Seattle au Indianapolis, na baadhi yao hawajawahi kuonana.

Hapo ndipo matawi yanapohitajika. Kila mradi huwa na tawi kuu, ambalo ndilo mkondo rasmi wa msimbo, na anayetaka kufanya badiliko huanzisha tawi lake pembeni, akafanya kazi humo kwa uhuru, akakosea na kusahihisha bila kumwathiri mwingine, kisha akaomba kazi yake iunganishwe na tawi kuu itakapokuwa tayari. Chombo kinachowezesha jambo hili leo karibu kote duniani ni Git, ambacho Linus Torvalds, Mfini aliyeanzisha mfumo endeshi huria wa Linux mwaka 1991, alikiandika mwezi wa Aprili 2005 baada ya mradi wake kupoteza ruhusa ya kutumia bure chombo cha kibiashara ulichokuwa ukikitegemea. Katika Git, tawi ni alama ndogo tu inayoonyesha rekodi ya mwisho ya mkondo fulani wa kazi, na kila rekodi hubeba utambulisho wa herufi na tarakimu 40 pamoja na kumbukumbu ya rekodi iliyoitangulia, hivyo kuanzisha tawi jipya ni kazi ya nukta moja na hakuhitaji kunakili mradi mzima. OpenMRS yenyewe ilianza na chombo cha zamani zaidi, Subversion, na ikahamia Git mwanzoni mwa muongo wa 2010. Alama ya enzi hiyo ya kwanza bado ipo, kwa kuwa tiketi za msimbo wake mkuu, yaani maelezo ya kila kasoro au ombi yanayofunguliwa kabla ya kazi kuanza, hadi leo hutanguliwa na neno TRUNK, ambalo ndilo jina ambalo Subversion ililipa shina la mradi.

Sifa nyingine ya Git ina manufaa ya pekee kwa mahali ambapo mtandao hukatika na umeme hupotea. Kila anayenakili mradi hupata historia yake yote, kuanzia rekodi ya kwanza, na huweza kusoma, kulinganisha, kuanzisha matawi na kurekodi kazi yake bila intaneti, akaihitaji tu anapotaka kutuma au kupokea. Fundi aliyeko Macalder au kisiwani Mfangano anaweza kufanya kazi siku nzima bila mawasiliano, na jioni akapeleka matokeo ya siku hiyo yote kwa mara moja, kila hatua ikiwa na saa yake, jina la aliyeifanya na maelezo yake.

Kiraka ni maelezo mafupi ya tofauti kati ya msimbo wa zamani na mpya. Larry Wall alitoa programu ya kutia viraka kwenye mafaili mwaka 1985, na katika umbo la kiraka linalotumika sana leo mstari unaoondolewa hutanguliwa na alama ya kutoa, unaoongezwa hutanguliwa na alama ya kujumlisha, na mistari michache isiyoguswa huachwa juu na chini ili msomaji ajue yuko wapi. Kwa umbo hilo, mtunzaji asiyekuwa na muda wa kusoma maelfu ya mistari ya mradi husoma ile michache tu inayobadilika.

Chukuliwe mfano wa kubuni, lakini wa aina inayotokea mara kwa mara. Ripoti ya mwezi hutenganisha walio chini ya miaka 15 na walio na miaka 15 na zaidi. Karani wa data wa zahanati moja, akilinganisha ripoti ya kompyuta na rejista ya karatasi, anaona kwamba watoto wamezidi kwa mmoja na watu wazima wamepungua kwa mmoja. Jumla ni sahihi, kwa hiyo kosa hilo lingeweza kupita miaka bila kuonekana. Anayefuatilia chanzo chake anakuta mstari wa msimbo unaosema kwamba mtoto ni yule ambaye umri wake ni 15 au pungufu, badala ya pungufu ya 15. Kiraka chake basi kina mistari miwili tu, mmoja wenye alama ya kutoa na mmoja wenye alama ya kujumlisha, na tofauti kati yake ni alama moja ya usawa iliyofutwa.

Mtu anaweza kudhani kwamba kiraka kama hicho kitapokelewa papo hapo, lakini mtunzaji makini atauliza mambo kadhaa. Atataka kuona tiketi inayoeleza kasoro, ili mtu atakayeusoma mstari huo miaka mitano baadaye ajue kwa nini uliandikwa hivyo. Ataomba jaribio la kiotomatiki, yaani kipande kidogo cha msimbo kinachomuumba mgonjwa wa kubuni aliyetimiza miaka 15 siku ya mwisho ya mwezi wa ripoti, kikaiendesha ripoti, kikathibitisha kwamba mgonjwa huyo amehesabiwa upande wa watu wazima; jaribio hilo linapaswa kushindwa kabla ya kiraka kutiwa na kufaulu baada yake, la sivyo halithibitishi chochote. Atauliza pia kama sharti hilohilo la umri limenakiliwa mahali pengine, kwa mfano katika ripoti ya kipimo cha wingi wa virusi, kwa maana kosa lililonakiliwa likirekebishwa mahali pamoja huzaa ripoti mbili zinazopingana, na ripoti zinazopingana huvunja imani ya wahudumu haraka kuliko ripoti moja yenye kosa. Hatimaye atauliza jambo gumu kuliko yote, kama ripoti za miezi iliyopita zikiendeshwa upya zitatofautiana na zile ambazo kaunti imekwisha kupeleka, na nani atawaeleza wanaozitumia.

Maswali hayo huandikwa hadharani kando ya kiraka chenyewe, katika kile kinachoitwa ombi la kuunganisha, ambamo mchangiaji huonyesha tawi lake na kuomba liingizwe katika tawi kuu. Kompyuta huanza kwa kuendesha majaribio yote ya mradi juu ya tawi hilo, na yakishindwa mtunzaji hana haja ya kupoteza macho yake. Yakifaulu, mtu husoma. Kusoma huku ndiko moyo wa utaratibu mzima, na si haki kukuona kama urasimu, kwa kuwa mara nyingi ndiyo nafasi pekee ambayo mtu mwingine mbali na mwandishi hupata kufikiri juu ya mgonjwa kabla msimbo haujamfikia.

Matawi mawili yanapounganishwa, Git huweza yenyewe kupatanisha mabadiliko yaliyofanywa mahali tofauti, lakini watu wawili wakiwa wamebadilisha mstari mmoja kwa namna mbili, chombo husimama na kutangaza mgongano, kikiweka maandishi yote mawili mbele ya mtunzaji ili achague. Mgongano wa aina hii huudhi, ila hauna hatari, kwa sababu unajionyesha. Hatari kubwa zaidi iko katika mgongano usioonekana, ambapo mchangiaji mmoja amebadilisha maana ya kitu fulani, tuseme tarehe ya kuanza dawa ikawa tarehe ya kuanza mchanganyiko wa sasa wa dawa, na mwingine katika faili nyingine kabisa ameandika hesabu inayotegemea maana ya zamani. Mistari haikugusana, Git haikulalamika, msimbo ukakubali kuendeshwa, lakini ripoti ikawa ya uongo. Ni majaribio tu, pamoja na mtunzaji anayeukumbuka mradi mzima, yanayoweza kuligundua jambo hilo. Kadiri tawi linavyokaa pembeni muda mrefu ndivyo hatari hiyo inavyoongezeka, na ndiyo sababu watunzaji wenye uzoefu hupendelea viraka vidogo vya siku chache kuliko kazi kubwa ya miezi sita inayoletwa kwa mara moja.

Miradi mikubwa sana imelazimika kugawana mzigo huu. Msimbo wa kiini cha Linux hupokea mabadiliko zaidi ya 10,000 katika kila toleo, na matoleo hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi. Hakuna mtu mmoja awezaye kuyasoma yote. Kwa hiyo kila sehemu ina mtunzaji wake, ambaye hukusanya viraka vya eneo lake katika tawi lake, na Torvalds huvuta kutoka kwa watunzaji hao anaowaamini. Mabadiliko mapya hupokelewa kwa wiki mbili tu baada ya toleo kutoka, na wiki zinazobaki ni za kurekebisha kasoro. Ukali huo wa kalenda una hekima, kwa kuwa mchangiaji aliyechelewa anajua kwamba dirisha jingine litafunguka baada ya muda mfupi, hivyo hana sababu ya kulazimisha kazi ambayo haijaiva.

Imani kati ya watu ambao hawajaonana ni rasilimali inayoweza pia kuibwa. Mwezi wa Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayopatikana katika kompyuta nyingi za Linux, ilikuwa imetiwa mlango wa siri. Aliyeutia alikuwa amechangia viraka vizuri kwa zaidi ya miaka miwili, akamsaidia mtunzaji aliyekuwa amechoka na akifanya kazi hiyo bila malipo, mpaka akapewa mamlaka ya kuunganisha na kutoa matoleo mwenyewe. Freund alianza kushuku alipoona kwamba kuingia kwenye kompyuta kwa mbali kulikuwa kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Mfumo unaobeba habari za wagonjwa wa Homa Bay hauwezi kulitazama tukio hilo kama jambo la watu wengine, na fundisho lake la kwanza ni kwamba uchovu wa mtunzaji ni tishio la usalama kwa watumiaji wote.

Kiraka kikishaingia katika tawi kuu, bado hakijafika kliniki, na hapa ndipo kazi ya matawi inapokuwa nzito kuliko inavyoelezwa katika vitabu vingi vya programu. Tawi kuu hubadilika kila wakati na halifai kuwekwa mbele ya mgonjwa. Watunzaji hukata kutoka humo tawi la toleo, mathalani lile ambalo OpenMRS huliita 2.4.x, na kuanzia siku hiyo tawi hilo halipokei vitu vipya, hupokea marekebisho tu. Kasoro ikigunduliwa, hurekebishwa kwanza katika tawi kuu, kisha kiraka chake huchukuliwa na kutiwa nyuma katika kila tawi la toleo linaloendelea kutumika. Mpangilio huo ukigeuzwa, yaani rekebisho likatiwa katika toleo la zamani pekee kwa kuwa ndilo linalolalamikiwa, kasoro hurudi toleo jipya linapotoka, na kituo kilichokwisha kuisahau hukutana nayo tena.

KenyaEMR katika vituo vingi imewekwa kwenye seva iliyo ndani ya kituo chenyewe, ili kazi iendelee intaneti ikikatika. Uamuzi huo ni wa busara kwa zahanati ya Nyatike au ya Suba, lakini una gharama yake, kwa kuwa toleo jipya haliwezi kuwafikia wote kwa kubonyeza kitufe kimoja Nairobi. Ni lazima lipelekwe kwenye kila seva, pengine kwa mtandao dhaifu, pengine kwa flashi mfukoni mwa afisa wa TEHAMA aliyepanda pikipiki au boti, na kwa sababu hiyo wakati wowote kuna vituo vilivyo kwenye toleo la leo na vingine vilivyo nyuma kwa mwaka mzima. Mtunzaji anayeandika kiraka anawaandikia wote hao kwa pamoja.

Ugumu wa jambo hili huonekana wazi zaidi katika hifadhidata, yaani mahali ambapo kumbukumbu za wagonjwa zenyewe hukaa. Msimbo wenye kosa unaweza kuondolewa na ule wa zamani kurudishwa, lakini hifadhidata iliyokwisha kubadilishwa umbo na kupokea data ya wiki tatu haina njia rahisi ya kurudi ilikotoka. OpenMRS hutumia chombo kiitwacho Liquibase, ambacho huandika kila badiliko la hifadhidata kama hatua yenye jina lake. Seva inapowashwa baada ya kupata toleo jipya, chombo hicho hutazama jedwali maalumu lililomo katika hifadhidata hiyohiyo, kikaona hatua zipi zimekwisha kufanyika hapo, kisha kikatekeleza zilizobaki kwa mpangilio. Kwa njia hiyo kituo kilichoruka matoleo matatu hupitia hatua zote moja baada ya nyingine mpaka kikawafikia wenzake. Pamoja na jina la kila hatua huhifadhiwa alama ya maandishi yake, na mtu akirudi kuihariri hatua ya zamani, hata kwa nia njema ya kusahihisha kosa dogo, alama hailingani tena na programu inakataa kuwaka. Kwa hiyo kuna kanuni isiyo na msamaha, kwamba hatua iliyokwisha kutoka katika toleo haiguswi kamwe, na kosa lake husahihishwa kwa kuandika hatua nyingine mbele yake. Mchangiaji mgeni huiona kanuni hiyo kuwa ngumu hadi afikirie asubuhi ambayo seva imegoma, na foleni ya wagonjwa waliotoka mbali imeanza kurefuka kwenye benchi.

Kanuni hiyo inaeleza pia kwa nini marekebisho ya kienyeji, yanayofanywa moja kwa moja kwenye seva ya kituo bila kupelekwa juu, huwa na maisha mafupi. Fundi hodari akiifungua fomu iliyo kwenye seva yake na kuirekebisha, kituo chake kitafurahi, lakini toleo linalofuata litaifuta kazi yake, au litagongana nayo, na fundi huyo akiwa amehamishwa hapatakuwa na anayejua kilichotokea. Hasara haiishii hapo, kwani kasoro aliyoiona bila shaka ipo pia katika vituo vingine mamia, na vyote vimenyimwa suluhisho lililokwisha kupatikana. Hali hiyohiyo iko ngazi ya juu kati ya KenyaEMR na OpenMRS. Kinachoihusu Kenya peke yake, kama namba ya mgonjwa wa kliniki ya virusi vya Ukimwi, iitwayo namba ya CCC, yenye tarakimu kumi, ambayo tano za kwanza ni za kituo na tano za mwisho ni za mgonjwa, hukaa katika moduli, yaani sehemu za nyongeza, za KenyaEMR, na kinachoweza kuzifaa nchi zote hupelekwa katika msimbo wa pamoja, ili Uganda, Rwanda au Haiti wakikitunza kiwe kinatunzwa kwa ajili ya Kenya pia. Mstari kati ya viwili hivi si rahisi kuuchora. Tarehe za mwisho za wafadhili na za wizara husukuma kila kitu kibaki kwenye moduli za nyumbani, ambako hakuna mgeni wa kuuliza maswali, na mradi unaofuata msukumo huo kwa muda mrefu hujikuta umejitenga na mti uliouzaa, ukibeba peke yake mzigo ambao ungebebwa na wengi.

Suala la mzigo huo nani anaubeba lilijitokeza kwa ukali mnamo Januari 2025, pale serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Maendeleo ya KenyaEMR kwa miaka yote yalitegemea kwa kiasi kikubwa fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi ulioanzishwa mwaka 2003, na leseni ya programu huria, ijapokuwa inahakikisha kwamba hakuna awezaye kuunyang'anya msimbo, haiwezi kumlipa mtu wa kuusoma. Historia ya Git ina mfano mzuri wa jinsi utunzaji unavyoweza kuhamishwa bila mradi kuanguka, kwa kuwa Torvalds, miezi mitatu hivi baada ya kukianzisha chombo hicho, alimkabidhi Junio Hamano, ambaye alikuwa amejithibitisha kwa viraka vyake, na Hamano amekitunza kwa miaka yote iliyofuata. Makabidhiano hayo yaliwezekana kwa sababu aliyepokea alikuwa tayari ndani ya kazi.

Kando ya ziwa wapo wanaoweza kuingia katika kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Rongo kilichoko Migori kilipata hati yake mwaka 2016, na Chuo Kikuu cha Tom Mboya kilichoko Homa Bay kilipata yake mwaka 2022. Vyote viwili viko katikati ya vituo vinavyoitumia programu hii kila siku, na wanafunzi wake wana kitu ambacho mhandisi wa Seattle hana, yaani uwezo wa kuketi na karani wa data na kuona kwa macho yao ripoti inapokataa kulingana na rejista. Njia ya kuingilia iko wazi na inajulikana. OpenMRS hutenga tiketi za wanaoanza, zenye kasoro ndogo zilizoelezwa kwa ukamilifu; mchangiaji huchukua moja, huanzisha tawi lenye namba ya tiketi hiyo, hutanguliza namba hiyohiyo katika maelezo ya kila rekodi, huandika jaribio, hutuma ombi la kuunganisha, kisha hujibu maswali ya wakaguzi kwa subira hadi kiraka kipokelewe au kikataliwe kwa sababu zilizoandikwa. Wachangiaji hupandishwa kwa ngazi zinazoanzia ile inayoitwa /dev/null hadi /dev/5, na kila ngazi huongeza imani ambayo mradi unamwekea mtu, ikiwa pamoja na kukagua kazi za wenzake na kuziunganisha. Mmoja wa wakaguzi wanaotegemewa zaidi katika msimbo mkuu wa OpenMRS ni raia wa Uganda, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akisoma na kuunganisha viraka vinavyotoka kila bara.